Ndege Iliyotukana kwa Kiswahili

Spès Nabintu alikuwa na sauti ambayo kanisa lilishindwa kujua liiweke wapi. Ukimsimamisha mstari wa mbele, kwaya nzima inapotea. Ukimrudisha nyuma, inapotea vilevile. Mwishowe kiongozi wa kwaya alimwomba kwa upole awe anapiga makofi tu. Spès hakununa. Hata kwao Bukavu, mama yake alikuwa akimtoa nje aite ndugu zake waliokuwa kilima cha pili, na ndugu wa watu wengine nao walikuja.

Hapa Durban sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Alikuwa akilinda magari kwenye maegesho ya ufukweni, amevaa kile kikoti cha njano kinachong'aa, akiishi kwa chochote ambacho wenye magari walijisikia kumpa. Jumapili moja kijana mmoja akaanza kuchokonoa mlango wa gari jeupe. Spès alikuwa mwisho kabisa wa maegesho, na badala ya kukimbia akapiga kelele. Kijana yule hakukimbia pia. Alikaa chini, mikono kichwani.

Mwenye gari alikuwa Bwana Moonsamy, Mhindi wa Chatsworth, mkuu wa ulinzi katika kiwanda cha Hallam huko Pinetown. Alikuwa majini mpaka magotini wakati ule, na alisikia kila neno ingawa hakuelewa hata moja.

"Umemwambia nini?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Nimemwambia mama yake iko nyuma yake, anamtazama."

Wiki iliyofuata Spès alikuwa langoni Hallam, na sare mpya na kofia iliyomzidi kidogo. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2013. Mimi habari hizi nilizipata kwa mume wake, Jean-Bosco, ambaye ana duka la kinyozi pale mtaa wa Point. Na kwa kuwa hanyoi haraka, nilizipata zote.

Hallam ilikuwa kundi kubwa la kampuni za ndege na silaha. Makao makuu yalikuwa Johannesburg, rada walitengenezea kwingine, na tawi la Pinetown lilishughulika na ndege ndogo zisizo na rubani pamoja na macho yake, yaani zile kamera za duara zinazoning'inia chini ya tumbo. Wafanyakazi waliliita "the Group". Spès, kwa Kifaransa chake, aliliita "Groupe", kama jina la mkwe mgumu.

Mkwe huyo mwaka ule alikuwa na hali mbaya. Mwezi wa pili mkurugenzi wa tawi, Bwana Prinsloo, aliwakusanya watu wote uwanjani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kusema. Akaomba radhi. Akasema randi imeshuka, serikali imeahirisha oda mbili, wateja wa ng'ambo wanasuasua, na kwamba mwaka huu itabidi kila mtu akaze mkanda. Kesho yake biskuti za chai zikaondoka. Mwezi uliofuata maziwa yakawa ya unga. Wanaume wenye suti wakaanza kuja kutoka Johannesburg kukagua hesabu, na Spès akawafungulia lango wakiingia na kuwafungulia wakitoka, nyuso zikiwa zilezile.

"Jean-Bosco," alimwambia mume wake chumbani kwao, wakila, "ile Groupe itakufa kabla sijamaliza kulipa kofia."

"Kofia wanakulipisha?"

"Hapana. Mais, lakini unaelewa."

Ndipo tumbili walipoingia katika hesabu.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bonde lenye kijito na msitu mzito, na ndani ya msitu kundi la tumbili waliokuwapo kabla ya Pinetown yenyewe. Hallam ilikuwa na uzio wa umeme, kamera kila kona, milango inayofunguka kwa alama ya kidole. Ilikuwa na mtambo wa kuona mtumbwi baharini usiku wenye ukungu. Kitu cha kumzuia tumbili asiingie chumba cha chai haikuwa nacho. Miti iliinama juu ya uzio, na tumbili hawakuwahi kuelezwa habari za alama ya kidole.

Kiongozi wao alikuwa dume kubwa, sikio moja limeraruka, mkia juu kama antena. Spès alimpa jina siku ya kwanza.

"Ule ni Kanali," alisema. "Tazama. Anatembea na walinzi mbele na nyuma, anaingia pahali anapenda, anakula, halafu halipe."

Wenzake wa langoni, Wazulu wawili, walicheka, na jina likaenea. Hata Bwana Prinsloo akawa anasema "the Colonel" kwenye vikao.

Kanali alimchagua Bwana Moonsamy. Kila Ijumaa Moonsamy alinunua bunny chow, ule mkate wa Durban unaochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa kondoo wenye pilipili ya kutosha kuamsha maiti. Aliuweka juu ya meza yake, akageuka kunawa mikono, na alipogeuka tena mkate ulikuwa unapita dirishani. Walisikia kelele kutoka bondeni mchana kutwa. "Amejifunza," alisema Moonsamy, akijifariji. Ijumaa iliyofuata Kanali alirudi. Alikuwa ameipenda pilipili.

Moonsamy akatangaza vita. Alinunua nyoka wa mpira, akamlaza juu ya paa. Asubuhi watoto wa tumbili walikuwa wanamvuta kama kamba, huku na huku. Alisimamisha bundi wa plastiki. Kanali alimkalia kichwani. Akaleta mtu mwenye mbwa, na mbwa akalala kivulini akitazama bila kujihusisha. Spès peke yake ndiye waliyemheshimu. Akitokea na ufagio na kufungua kinywa, kundi lote lilirudi bondeni, Kanali nyuma kabisa, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Shida ilikuwa kwamba Spès ni mmoja na kiwanda ni kikubwa.

Mwezi wa tano jambo likawa zito. Karakana ya macho ilikuwa imeacha dirisha wazi kwa ajili ya joto. Redio ya Spès ikalia. Ilikuwa sauti ya Moonsamy, kavu.

"Spès. Kuna aliyechukua kamera mpya ya Group. Ile ya siri."

"Ametoka kwa lango gani?"

"Hajatoka. Iko naye juu ya tangi la maji."

Spès alikimbia na ufagio wake. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama chini ya tangi, vichwa juu. Kanali alikuwa amepakata lile jicho la duara, kazi ya miaka na miaka, akilizungusha mbele ya uso wake. Akalinusa. Akalibishia hodi kwa ukucha. Bwana Prinsloo alikuwa anamwomba radhi.

Karibu na ukuta wa tangi alisimama mhandisi kijana, Nomfundo, mwenyeji wa Cato Manor, ambaye ndiye aliyelitengeneza jicho lile. Alikuwa amevua koti lake jeupe na kulitandaza mikononi kama mtu anayesubiri embe.

"Mama Spès," alisema bila kugeuza kichwa, "mwambie aliachie. Lakini aliachie upande huu."

Spès alivuta pumzi.

"Kanali! Mwizi! Weka kitu ya watu! Unakula jasho ya watu kila siku, leo unataka na macho yao? Shuka! Mkia kama kamba ya mbuzi!"

Kanali aliruka, jicho likaanguka, na Nomfundo akalidaka kwenye koti, akaketi chini nalo, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Jioni ile alimfuata Spès langoni na wazo lake. Walikuwa na aina moja ya ndege ndogo, ya mapangaboi manne, ambayo haikuwa imepata mnunuzi. Ilikuwa imekaa rafuni inakusanya vumbi. Je, ikifungiwa spika, na sauti ya Spès ikawekwa ndani, ikawa inazunguka juu ya kiwanda?

"Sauti yangu itapanda ndege kabla yangu?" Spès aliuliza. Alikuwa ametoka Bukavu mpaka Durban kwa barabara, kwa mabasi na malori, na bado mgongo ulimuuma akikumbuka.

"Ndiyo, mama."

"Bon. Ipande. Mimi nitaifuata."

Kurekodi kulifanyika stoo, katikati ya magodoro yaliyoegeshwa ukutani kuzuia mwangwi. Nomfundo akamwambia aseme kama anavyosema siku zote. Spès akafungua kinywa, akakifunga.

"Siwezi. Nitukane godoro? Godoro imenifanya nini?"

Ikabidi Bwana Moonsamy asimame mbele yake, akunje mgongo kidogo na kuinua mkono mmoja nyuma kama mkia. Hapo maneno yakaja yenyewe. Alipomaliza, Moonsamy alijinyoosha, akajifuta jasho.

"Sijaelewa kitu," alisema, "lakini nimejisikia vibaya kweli."

Wahandisi, kwa kuwa ni wahandisi, walitaka kulinganisha. Wakajaribu mbwa anayebweka. Wakajaribu mlio wa bunduki. Wakajaribu sauti ya Moonsamy mwenyewe, na Kanali akawageuzia makalio. Ndege ilipopaa na sauti ya Spès, kundi lote liliingia bondeni kwa fujo, watoto wakiwa wamening'inia matumboni mwa mama zao. Ijumaa hiyo Moonsamy alikula mkate wake wote, akitazama dirishani kati ya tonge na tonge.

Lakini tumbili si mjinga. Baada ya muda walizoea. Kanali aliketi juu ya paa akiisikiliza ndege kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Spès akarekodi matusi mapya, wakakimbia tena, wakazoea tena. Nomfundo akaandika kwenye taarifa zake kwamba mfumo unahitaji toleo jipya mara kwa mara, na wakubwa wa Johannesburg, waliopenda neno "toleo", wakaidhinisha.

Hapo Spès akapata tatizo ambalo hakulitazamia: matusi yalimwishia. Alikuwa mtu wa kanisa. Alikuwa na sharti kwamba hatatukana mama wa mtu, hatataja sehemu za mwili zinazofunikwa, na hatamlaani kiumbe wa Mungu. Ukiyaondoa hayo, yanabaki machache. Ndipo alipomgeukia Jean-Bosco, na Jean-Bosco akalipeleka suala hilo kinyozini kwake, kama mswada bungeni.

Hizo ndizo zilikuwa siku zetu njema. Jumamosi tulijaa pale, wa Uvira, wa Goma, wa Lubumbashi, na Watanzania wawili watatu, kila mtu na lake. Israël, muuza simu wa duka la pili, alitoa "wewe iko kama risiti ya jana". Amne wa Tanga, aliyepitia kumleta mwanawe anyolewe, alimsikiliza kila mtu kwa dharau kisha akasema, "Nyie mnatukana kama mnapiga fundo la tai. Mwambieni: huna haya, huna hesabu, hata kivuli chako kinakukwepa." Jean-Bosco aliliandika ukutani kwa chaki.

Mwezi wa kumi ukafika, na pamoja nao tumaini kubwa la mwaka wa Groupe. Ujumbe wa jeshi ulikuwa unakuja kutoka nchi moja ya Afrika Mashariki kutazama ile ndege kubwa, ya kulinda mipaka. Wakinunua, mwaka umepona; wasiponunua, Johannesburg ilikuwa imeshatamka maneno kama "kupunguza". Nyasi zilikatwa. Mahema meupe yalisimamishwa. Biskuti zilirudi, na pamoja nazo sambusa, mapaja ya kuku na mapapai yaliyokatwa kwa ustadi.

Aliyeongoza ujumbe alikuwa Kanali Pandu, mtu mfupi, mkavu, mwenye miwani na viatu vinavyong'aa kuliko sahani. Spès alimfungulia lango na kupiga saluti. Akiwa amekulia Bukavu, akiona nyota begani mgongo wake hunyooka wenyewe.

Ndege kubwa ilipaa vizuri sana. Iliondoka, ikawa nukta, na kwenye luninga ndani ya hema wageni wakaiona barabara ya Pinetown, magari, hata mama mmoja anaanika nguo. Kanali Pandu aliuliza maswali mafupi. Bwana Prinsloo alijibu bila kuomba radhi hata mara moja, na hiyo ilikuwa dalili nzuri.

Kisha harufu ya papai ikafika bondeni.

Walishuka kwa safu, tumbili wote, dume la sikio lililoraruka likiwa mbele, moja kwa moja kuelekea hema la chakula. Moonsamy aliwaona, akashika redio na kumwamuru Nomfundo arushe ile ndogo, haraka. Nomfundo aliirusha. Ikaja juu ya mahema ikivuma, ikatulia hewani, na toleo jipya likafunguka kwa nguvu zote za spika:

"Kanali! We Kanali! Toka kwa chakula ya watu! Umekuja kula tu, kazi haufanye! Huna haya, huna hesabu, hata kivuli chako kinakukwepa! Kanali mwizi! Rudi kwenu!"

Wazungu na Wahindi na Wazulu walitabasamu kwa fahari, kwa sababu tumbili walikuwa wanakimbia. Upande wa wageni, hakuna aliyetafuna. Kanali Pandu alikuwa na sambusa mkononi, karibu na mdomo. Aliirudisha kwenye sahani polepole sana. Luteni wake alitazama viatu.

Ndege, ambayo ilipangwa kurudia, ikarudia.

"Nani," Kanali Pandu aliuliza kwa Kiingereza, ilipomaliza, "nani anasema?"

Bwana Prinsloo alifurahi kuulizwa. "Mfanyakazi wetu! Yuko langoni. Ningependa umwone."

Spès alikuwa amesikia yote kutoka langoni, na alikuwa tayari anajua. Alitembea kwenye nyasi zile fupi akiwa ameshika kofia mikononi. Akasimama mbele ya meza.

"Mama," alisema Kanali Pandu, sasa kwa Kiswahili, taratibu, "habari za kazi?"

"Nzuri, mon colonel."

"Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu, mon colonel."

"Na huyo kanali, mwizi, asiye na haya wala hesabu, ni kanali gani?"

Spès alifikiria kusema uongo, na kila uongo alioufikiria ulikuwa mbaya kuliko ukweli. Akainua kidole.

"Ule kule, mon colonel. Juu ya mti. Mwenye sikio moja imepasuka."

Kanali Pandu aligeuka. Juu ya tawi, Kanali alikuwa amekaa mkono kiunoni, papai mdomoni, akiwatazama. Wakatazamana, makanali wawili, kwa muda ambao Luteni aliuona mrefu mno.

"Na kwa nini mkampa cheo?"

"Mais... ni vile anatembea, mon colonel. Na walinzi. Na anakula bila kulipa."

Kicheko kilianzia mabegani kwa Kanali Pandu. Kilipanda shingoni, kikamvua miwani, na kilipotoka, Luteni naye akaachia, kisha ujumbe wote, mpaka mmoja wao akatoka nje ya hema kujishika mbavu. Bwana Prinsloo akacheka nao, kwa adabu, bila kujua kwa nini. Moonsamy alimwegemea Spès na kunong'ona, "Umesema nini?"

"Nitakuambia kesho," alisema Spès. "Ukiwa umekaa."

Ndege kubwa hawakuinunua. Hazina ya kwao haikutoa idhini, na Groupe ikapokea barua ya heshima nyingi. Lakini Kanali Pandu alikuwa na shamba la migomba la mke wake, na tumbili wa huko, alisema, walikuwa wanamfilisi. Akaagiza ile ndogo kwa jina la mke wake, akakaa stoo na Spès kuchagua maneno. Alitaka yasiwe na vyeo vya jeshi. Wakakubaliana kwenye "mheshimiwa".

Mke huyo alikuwa na jirani, na jirani ana jirani. Wenye mashamba ya ndizi na makadamia wa pwani ya kusini ya Natal nao wakasikia, wakaja na pikapu zao kuona kwa macho. Rafu ilitoka vumbi, kisha ikawa tupu, na ikabidi zitengenezwe ndege nyingine. Mwisho wa mwaka Bwana Prinsloo aliwakusanya tena watu uwanjani. Groupe kwa jumla imepata hasara, alisema, samahani sana, lakini tawi la Pinetown limefungua soko jipya la kilimo, na hakuna atakayepunguzwa. Watu walishangilia. Spès alishangilia pia, na mstari wa mbele wakaziba masikio.

Wakubwa walitaka kumlipa mara moja kwa sauti yake, yaishe. Alikataa. Alitaka meza karakanani, karibu na Nomfundo, na afundishwe kurusha. Moonsamy alipinga kwa kuwa hakutaka kumpoteza langoni, kisha akabeba meza yenyewe. Mara ya kwanza Spès aliigongesha ndege kwenye tangi la maji. Mara ya pili kwenye gari la Moonsamy, lile jeupe. Mara ya tatu ilirudi miguuni pake kama kuku, na alikaa nayo pale chini, mkono juu yake. Nomfundo anasema hajawahi kumsikia amenyamaza hivyo tena.

Mwaka 2015 Johannesburg iliamua kwamba kufukuza tumbili si kazi ya kundi la silaha, ikakiuza kitengo kile kidogo cha ndege za mashambani kwa Nomfundo na wenzake wawili. Spès alikwenda nao. Yeye na Jean-Bosco walihama Point wakapanga nyumba Cato Manor, kuta zake nene kiasi, majirani wameshukuru. Duka la kinyozi ameliacha palepale.

Juzi nilikuwa nimekaa kitini, shuka shingoni, simu ya Jean-Bosco ikaita. Alikuwa Spès, na hakukuwa na haja ya kuiweka kwenye spika. Mkulima mmoja wa miwa kule kaskazini, karibu na mpaka wa Msumbiji, alikuwa amempigia. Hakuwa na shida ya tumbili. Alikuwa na shida ya tembo.

"Tembo?" Jean-Bosco alisema, mashine ikiwa imesimama juu ya sikio langu. "Chérie, tembo unamwambia nini?"

"Bado sijue," alisema Spès. "Ndiyo maana tunaenda asubuhi. Lazima kwanza nimuone uso."